Figa la Tatu

Kama hutaki kuamini, usiamini. Jiwe lenyewe liko uani kwangu, Chaani, na ukija Jumapili utalikuta limeinjikiwa sufuria. Mimi si mtu wa hadithi, mimi nauza mawe. Muuza mawe akishajulikana kwa uongo, nani atamsadiki akisema jiwe hili halina ufa? Basi nisikilize mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe.

Mawe yangu ni yale bapa ya Mazeras, ya njano, mekundu na ya kijivu, ambayo watu hupenda kuyabandika ukutani au kuyatandaza kwenye njia ya bustani. Nayo matumbawe ya kuchonga ninayo, kwa wanaojenga nyumba. Nimeyapanga kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege, yakiegemeana, na vumbi lake ni jeupe mpaka nikirudi nyumbani watoto wa jirani hunicheka nywele. Mteja akija huniambia ana ukuta wa urefu fulani, tunapatana, lori linabeba. Hajawahi kuja mtu kutaka jiwe moja. Hilo liweke kichwani.

Sasa nikupe habari za nyumbani, maana bila hizo kisa hiki hakisimami.

Nilikuwa nimeoa, mwaka haujatimia. Mke wangu anaitwa Dama, binti wa Kaloleni, aliyefiwa na mama yake akiwa bado msichana mdogo, akalelewa na shangazi. Nilimwona kwenye kwaya, amesimama safu ya nyuma, na wallahi, ingawa mimi ni Mkristo naapa hivyo kwa kuwa nimekulia Mombasa, siku ile sikusikia neno la mahubiri. Nilimpenda na nampenda. Lakini alipoingia nyumbani kwangu alikuwa kimya. Si kimya cha kununa, hicho ningekijua. Alipika, alifua, nikirudi alinipa pole ya kazi, halafu basi. Akikaa kwenye kiti, alikaa ukingoni, kama mgeni anayengoja kuambiwa wenyeji wanataka kulala. Hata pazia hakutundika.

Wiki ya harusi nilimtengenezea zawadi kwa mikono yangu. Nilichukua vipande vya mawe vilivyobaki kazini nikatandaza mlangoni umbo la ua lililochanua: mawe mekundu kuzunguka, na moja la njano katikati, lenye pembe iliyovunjika kwa kuwa ndilo nililokuwa nalo. Akalitazama akasema, "Ahsante, ni zuri." Kisha akaliruka. Kila alipotoka na alipoingia, aliliruka lile ua asilikanyage. Nikajiambia, mtu asiyetaka kukanyaga mlango wako anataka nini kwako?

Na kulikuwa na begi. Begi la kijani, limefungwa kamba, chini ya kitanda upande wake. Siku moja nikifagia nililisukuma kwa mguu, halikusogea. Zito! Nikajua vitu vyake vyote vya maana vimo humo, kwamba mwenzangu hajafungua mzigo tangu aje. Mwanamke mwenye begi la kamba chini ya kitanda ni msafiri huyo. Wewe ungefikiri nini? Utaniambia kuuliza si ujinga, ningemuuliza tu. Ni kweli. Lakini niliogopa jibu. Mwanamume mzima, nanyanyua mawe ya kuvunja watu viuno, naogopa begi.

Basi Jumamosi moja naamka, naliona begi limesimama mlangoni.

"Naenda kwa shangazi," Dama akasema.

"Lini?"

"Leo. Jua likipoa."

"Na kurudi?"

Akatazama sakafu. "Nitakupigia simu."

Nilisema sawa. Nikaenda kazini kwa sababu miguu iliijua njia, lakini moyo niliuacha pale mlangoni kando ya lile begi. Nilijua nikirudi jioni nitaikuta nyumba tupu, na nilijua hataniita kwa simu wala kwa sauti.

Mchana ule jua lilikuwa la utosi. Wazee wetu husema saa hiyo si ya kutembeatembea, kwamba si sisi peke yetu tunaoitumia. Madereva walikuwa wamekwenda kula. Mama Zawadi, anayeuza maharagwe na mahamri hatua chache kutoka kwangu, alikuwa amejiegemeza kwenye nguzo anasinzia. Mimi nilikuwa juu ya kiti changu. Kiti chenyewe ni jiwe la Mazeras, nene, lililokataa kupasuliwa tangu lori langu la kwanza. Halikufaa ukuta wala njia, nikalifanya kiti, nikalikalia miaka yote hiyo.

Nikasikia nyuma yangu, "Hodi hapo."

"Karibu," nikasema, nikainuka, nikageuka nimtazame mteja. Na hapo ndipo mambo yalipoanza. Macho yangu hayakupanda. Yalifika kwenye miguu yake yakakaa. Nikajaribu tena, yakarudi chini. Si woga, niamini, woga ninaujua. Ilikuwa ni haya tu, haya ya kulelewa, kama ilivyokuwa zamani nikipita mbele ya wakubwa na sahani ya chakula.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Na wa nyumbani kwako?"

Ni salamu ya kawaida, watu huniuliza hivyo kila siku. Siku ile ilinigusa penye kidonda. Nikasema, "Hajambo," nikiwa bado naitazama ile miguu. Ilikuwa mitupu, midogo, visigino vimepasuka kwa kutembea. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimempanda mwenzake mgongoni. Na katikati ya vidole kulikuwa na udongo mwekundu, mbichi, wa mvua. Nikashangaa. Mvua ilikuwa haijanyesha, na pale kwangu kila kitu ni cheupe. Tena miguu yenyewe haikunielekea. Ilikuwa imegeukia upande, na ncha ya leso yake ilikuwa ikichezacheza kama ya mtu aliyejifunika uso. Basi tulisimama hivyo, mimi natazama chini, yeye amenipa ubavu, kama watu wanaogombania nani atangulie kuona haya.

Nikamkaribisha maji. Akasema, "Ahsante, baba. Kwako sinywi bado."

"Haya. Nikusaidie nini?"

"Nina binti ameolewa. Nataka jiwe la nyumba yake."

"La ukuta, mama, ama la kutandaza njiani?"

"Ukuta upo. Nyumba ndiyo haijakuwa."

Nikaona huyu mama ana mafumbo, na mimi mtu wa mzaha, hata siku ya msiba wangu ulimi hauniachi. "Mawe mangapi?"

"Moja."

Nikacheka. "Mama! Jiwe moja halijengi hata kibanda cha kuku."

"Mawili anayo," akasema, taratibu kabisa.

Ndipo nikamwelewa. Alikuwa anatafuta figa. Mafiga ni mawe matatu ya kuinjikia chungu, na figa moja haliinjiki chungu, hilo hata mtoto analijua. Mawili nayo yatakumwagia mchuzi. Nikamwonea huruma, nikamwambia ukweli, kwamba kwa mafiga mawe yangu hayafai. Ya Mazeras yana tabaka, yakipata moto hupasuka na kurusha vipande. Ya matumbawe yakiungua sana huwa chokaa. Atafute jiwe gumu huko mashambani.

"Lile pale," akasema. Vidole vya miguu vikageukia kiti changu.

"Hicho ni kiti changu, mama. Nalo ni la Mazeras vilevile. Litapasuka."

"Jiwe lililomzoea mtu halimpasukii. Bei yake?"

"Jiwe la kukalia siuzi. Chukua tu."

"Sichukui bure. Nilikwisha kukulipa."

Nilidhani ni uzee. Nikamuuliza atalibebaje, akasema desturi ni alibebe kichwani yeye mwenyewe, lakini kichwa chake hakibebi tena. Alilisema hilo bila kulalamika, na sijui kwa nini, nikahisi machozi. Nikalinyanyua jiwe nikaliweka begani.

"Ni mbali?"

"Chaani."

"Mama! Mimi nakaa Chaani!"

"Ewaa," akasema, nikasikia kicheko kidogo ndani ya leso.

Utaniuliza niliachaje biashara wazi. Nani ataiba mawe juani? Nikamfuata. Jiwe lilikuwa bega la kulia, shingo imelala, nisione chochote ila visigino vyake mbele yangu vikipanda na kushuka. Tukaiacha barabara, tukakata kwa vichochoro. Akaniuliza kama mke wangu anakula. Nikasema anakula kidogo. Akaniuliza kama anazungumza. Na hapo, sijui ni uzito wa jiwe au wa moyo, nikamweleza yote. Mtu nisiyemwona uso! Nikamweleza ua analoliruka, mapazia, begi lililosimama mlangoni, simu ambayo haitapigwa. Nilikuwa nalia waziwazi, jasho na machozi havitofautiani juani, nikashukuru kwa hilo.

"Na hilo begi," akasema, "ulilisukuma?"

"Nililisukuma. Zito."

"Nguo huwa nzito hivyo, baba?"

Hata sikufikiri. Niliendelea kutembea na jiwe langu begani, mjinga wa watu.

Kisha visigino vikasimama. Nikasimama. Nikatazama pale alipokanyaga, nikaona mawe mekundu yamezunguka, na katikati jiwe la njano, pembe imevunjika. Ua langu! Miguu yake ilikuwa imesimama juu ya ua langu, mlangoni kwangu mwenyewe. Kabla sijavuta pumzi akapaza sauti, sauti kubwa ya mama anayeita mtoto kutoka kisimani:

"Chiriku!"

"Abee, mama!" ikajibu sauti ndani ya nyumba. Sauti kama ya mtoto. Na nyayo zikaja mbio, na mlango ukafunguka, na Dama akasimama pale mikono ina maji ya vyombo.

Aliniangalia mimi, akaangalia nyuma yangu, akaangalia kichochoro huku na huku. Na macho yangu, wallahi, ndipo yalipofunguliwa. Yakapanda. Hapakuwa na mtu. Juu ya lile jiwe la njano palikuwa na tope jekundu kidogo, linakauka huku tukilitazama.

"Nani ameniita?" akauliza.

"Yule mama."

"Mama gani? Amesemaje?"

"Amesema Chiriku."

Akashika mwimo wa mlango. "Jina hilo hakuna anayelijua. Mama ndiye aliyeniita hivyo nikiwa mdogo, kwa sababu sikuwa nafunga mdomo. Hata shangazi halijui. Uso wake ulikuwaje?"

"Sikuuona."

"Umetembea naye kutoka barabarani usimwone uso?"

"Macho yalikataa, Dama. Nimeona miguu tu."

"Miguu ikoje?"

Nikamwambia. Visigino vilivyopasuka, udongo mwekundu. Nilipofika kwenye kidole kidogo cha kushoto kilichompanda mwenzake, aliuachia mwimo wa mlango. Akakaa chini pale pale, juu ya lile ua ambalo hakuwahi kulikanyaga, akalia. Nikasimama kama nguzo. Alilia mpaka akatosheka, akajifuta kwa mkono wenye povu, akaniangalia.

"Lishushe basi," akasema. "Litakuvunja bega."

Nilikuwa nimesahau kwamba nimebeba jiwe.

Akainuka, akalifuata begi la kijani, akafungua kamba. Ndani ya begi, yamefungwa kwa leso iliyochakaa, mlikuwa na mawe mawili meusi. Mafiga. Si nguo, si viatu. Mawe! Na mimi muuza mawe, ninayejua uzito wa jiwe nikiwa nimefumba macho, nililisukuma begi la mawe kwa mguu wangu nikadhani ni kanga.

Akanieleza, na hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyokuwa nimewahi kuyasikia kinywani mwake. Kwao, mama humtafutia binti yake mafiga yeye mwenyewe. La kwanza humpa siku anapoweza kusonga sima bila kusaidiwa. La pili humpa akivunja ungo. La tatu hulibeba kichwani siku ya harusi, akaenda kuliweka kwa mkwewe kwa mkono wake, na hapo ndipo nyumba inakuwa nyumba. Mama yake alimpa mawili, kisha akafa. Shangazi alimwambia aokote jiwe lolote, jiwe ni jiwe. Akakataa.

"Sikuweza kuyatoa," akasema. "Mawili ningeyaweka yafanye nini? Na sikuweza kukuambia, ungesema nalia jiwe wakati wewe unao mlima mzima. Kila siku najiona kama mtu aliyealikwa tu hapa. Leo nilikuwa nayarudisha kaburini kwake."

"Na wewe? Ungerudi?"

Alifikiri kwanza, naye si mtu wa kusema uongo. "Sijui," akasema. "Kweli sijui."

Mwenzangu, nilimshika mkono ule wa povu nisiuachie. Nikamwambia ningemuuliza, kwamba nimekuwa mwoga, kwamba ningemletea milima yote ya Mazeras. Akasema hataki milima.

Kisha ndipo nikaelewa habari ya macho. Kwetu sisi mkwe hatazamwi usoni. Ukikutana naye njiani unainama, naye anajifunika na kupita kando. Mama wa mke ni mtu wa kuheshimiwa hivyo. Akili yangu ilidhani ni mteja. Mwili ulikwisha kumjua tangu hodi. Na lile la kulipwa, je? Fikiri mwenyewe alinilipa nini kabla sijamuuzia kitu.

Jioni ile tulipanga mafiga uani, mawili meusi na kiti changu. Nilimwambia Dama akae mbali, nikauwasha moto mwenyewe, nikajikinga kwa karai, maana naijua Mazeras. Tukangoja. Halikupasuka. Tukainjika, akapika sima na mchicha wa nazi, tukala pale pale chini. Alipomaliza akajaza gilasi ya maji akaiweka karibu na moto. Nikamuuliza ya nini.

"Si alisema bado? Sasa amekwisha kuleta figa. Atakunywa."

Asubuhi gilasi ilikuwa tupu. Pengine ni paka. Mimi sisemi kitu.

Jumatatu Mama Zawadi alinipokea kwa maswali. Jumamosi ile usingizi ulikuwa umemtoka, akaniona. "Baba, una nini? Nimekuona unapita na jiwe begani, umeinama, waongea na kulia. Nikakuita hukuitika."

"Hukumwona mama aliyetangulia mbele?"

"Mbele yako hapakuwa na mtu. Nilikuombea."

Tangu siku ile jiwe limekaa motoni kila Jumapili na siku nyingine za katikati, mvua na jua, na halijatoa hata ufa wa unywele. Mafundi wenzangu wamekuja kulitazama. Mmoja aliligonga kwa nyundo alisikilize, likalia vizuri kama lililotoka timboni jana. Akaniambia si jiwe la Mazeras. Nikamwambia nimelikalia miaka yote, nalijua kuliko ninavyokujua wewe. Mapazia tunayo, ya maua, mabaya kweli, lakini siyagusi. Begi la kijani ndilo ninalobebea nyundo zangu. Na Dama? Mama yake hakukosea jina. Anaanza alfajiri na habari za majirani, anamaliza mimi nimeshalala, na usiku mwingine namwomba kwa jina la Yesu anyamaze kidogo. Akinyamaza kweli, naamka kumtazama.

Sina kiti tena. Jua la utosi hunikuta nimesimama, na akipita mwanamke mtu mzima, kabla ya kumsalimu natazama miguu. Watu wanadhani nina wazimu. Waache wadhani.

Nawe uliyenisikiliza, nakuonya kwa mapenzi. Ukioa binti asiye na mama, usijidanganye kwamba hana mama. Ukiona mzigo haujafunguliwa chini ya kitanda, uliza, hata kama jibu litakuua. Na akija mtu mchana wa jua kali kukuomba jiwe moja tu, usimcheke kama nilivyomcheka mimi. Mpe, ulibebe wewe, na macho yako uyaweke chini. Huenda ni mkweo.